Timu Iliyokuwa na Shamba Lake

Maganda ya kahawa yakikaa shimoni siku chache huanza kunuka. Ni harufu ya uchachu, kama uji uliosahaulika kwenye kibuyu, na ndani yake kuna utamu kidogo unaokera pua. Juzi nilikuwa napita nyuma ya kiwanda chetu, upande wa chini ambako maji ya kuoshea kahawa huteremka kuelekea mashimoni. Nilikuwa nimebeba majani ya ng'ombe. Harufu ile iliponifikia nilitua mzigo, ingawa sikuwa nimechoka. Kabla sijajua ninawaza nini, macho yangu yalikuwa yameshavuka barabara kutafuta jezi za manjano na nyeusi.

Hakuna jezi huko sasa. Kuna kiwanja kitupu ambapo malori hugeuzia, na mahindi machache ya mtu ambaye sijui ni nani aliyemruhusu kupanda. Lakini ninyi mliokua pamoja nami kwenye miteremko hii ya Runyenjes mnajua kulikuwa na nini. Ninawaandikia ninyi. Ninaandika polepole kwa sababu shule yangu iliishia darasa la nane, na kwa sababu kila nikifika mahali fulani katika habari hii natamani kuacha.

Timu yetu iliitwa Nyuki. Nyuma ya goli la upande wa juu palikuwa na miti ya kahawa, na miti hiyo ilikuwa mali ya timu. Sisemi ya kocha wala ya mwenyekiti. Ilikuwa ya timu. Waliokuwa wakicheza kabla ya baba zetu ndio waliopanda miti hiyo, na pale kiwandani Nyuki ilikuwa mwanachama kama mkulima mwingine yeyote. Kahawa yake ilipimwa kwa jina lake. Malipo yakitoka, ndiyo yaliyonunua mpira na nyavu, na ndiyo yaliyotia mafuta kwenye gari la kwenda kucheza Kiritiri au Ishiara.

Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa na nusu mbili. Asubuhi wachezaji walichuma kahawa, mchana wakacheza. Msimu wa kuchuma ukiisha, walipalilia, walikata matawi, walibeba mbolea. Mchezaji ambaye hakuonekana kwenye miti asubuhi hakuonekana uwanjani mchana, hata awe nani. Mashabiki nao walikuja kuchuma, na watoto tulikuja na vikopo vyetu. Ukienda mechi ya Nyuki ulikuta watu wote wana kucha nyeusi, waliovaa jezi na waliovaa leso, na mgeni hangeweza kujua nani anatazama na nani atacheza mpaka refa apulize kipenga.

Kocha wetu, Nyaga, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alipanga kikosi akiwa ameketi juu ya gunia, akichambua kahawa. Alitoa mbichi, akatoa zilizokauka, na huku anataja majina.

"Beki wa kushoto, Njue. Kiungo, wewe mrefu. Na hizi mbichi nani ameweka hapa?"

"Si mimi, Kocha," Karis alisema. Karis alikuwa straika wetu, dereva wa boda boda, na hakupenda kuchuma.

"Ni zako. Najua mkono wako. Unavua tawi lote kama mbuzi. Utaanza kwenye benchi mpaka ujue rangi nyekundu."

"Kocha, kwani tunacheza na nani leo, na kiwanda?"

Watu walicheka, na Karis alianza kwenye benchi kweli.

Njue ni kaka yangu mkubwa. Wazazi wetu walikuwa Mwea kwenye mashamba ya mpunga, kwa hiyo tulilelewa na Cucu, mama wa baba. Njue hakuwa na mbio nyingi. Alichokuwa nacho ni kwamba alifika mahali kabla ya mpira. Winga wa timu ile nyingine aliruka, akayumba, akafanya mambo yake yote, na alipomaliza alimkuta Njue amesimama pale alipokuwa akienda. Cucu alitandika gunia lake upande wa Njue na kukaa. Kipindi cha pili timu zilipobadilishana magoli, Cucu alikunja gunia, akauzunguka uwanja mzima taratibu na fimbo yake, akalitandika ng'ambo. Refa mmoja kutoka Embu aliwahi kumngoja afike ndipo akaanzisha mpira.

Nilikuwa mdogo, na niliamini kwamba hivyo ndivyo timu zote za duniani zilivyo. Nilipoona kwenye runinga ya dukani timu za Uingereza, nilitafuta miti yao nyuma ya goli. Nilidhani imefichwa na watu.

Kisha Nyuki ikashinda sana. Ilifika mahali ambapo ushindi mmoja zaidi ungeiingiza kwenye ligi kubwa kidogo, ile ya kusafiri mbali. Hapo ndipo akaja mtu wa kokoto. Alikuwa na machimbo ya mawe na malori, na alikuwa anataka kiti. Watu walimwita Mheshimiwa ingawa hakuna aliyekuwa amemchagua bado. Alikuja mchana wa Jumamosi, baada ya mechi, akasimama katikati ya uwanja na viatu vyake safi, akasema timu kubwa haiwezi kutegemea mvua. Angenunua timu. Angeleta jezi, basi, kocha mwenye vyeti, na chakula cha wachezaji.

"Na miti?" Kocha Nyaga aliuliza.

"Miti inakula uwanja, mzee wangu. Ligi inataka uwanja wa kipimo, na pahali pa magari."

"Miti ndiyo mwenye timu."

Karis alisimama juu ya pikipiki yake ili aonekane. "Kocha, kwa heshima. Miti haina simu. Siku tukiumia tutapigia nani, tawi?"

Watu walicheka sana. Karis aliona amepata njia, akaendelea. "Mimi nimechoka kuingia uwanjani na kucha kama mama wa kiwanda. Nani ameona straika anabeba mbolea?"

"Mimi nimeona," Cucu alisema kutoka kwenye gunia lake. "Alikuwa baba yako. Alibeba mbolea hapa asubuhi na mchana akafunga magoli mawili. Wewe unalala asubuhi na mchana unapiga mpira mpaka kwenye mto."

Hata Mheshimiwa alicheka. Alienda akainama mbele ya Cucu, akashika mkono wake kwa mikono miwili. "Cucu, umebeba vya kutosha. Kuanzia leo mimi ndiye nitabeba."

Makofi yalipigwa. Hakuna karatasi iliyosomwa, hakuna mkono ulioinuliwa. Ni makofi tu. Nakumbuka Njue naye alipiga. Alikuwa na miaka ishirini hivi, na alikuwa amesikia neno ligi. Usiku na mchana alikuwa akilizungumza neno hilo, na Cucu alimtazama akipiga makofi.

Tingatinga lilikuja miti ikiwa imetoa maua. Ninyi mnajua kahawa ikichanua ilivyo, mlima wote huwa mweupe na unanukia kama mtu aliyetoka kuoga. Miti ya Nyuki iling'olewa ikiwa hivyo, na kwa siku mbili soko zima lilinukia vizuri. Watoto tulikusanya maua, tukayatia kwenye chupa za maji. Akina mama walikuja na panga kuchukua kuni. Mti wa kahawa una moto mzuri, hauna moshi mwingi, na wiki ile chai yetu ilichemka upesi kila asubuhi.

Sasa nafika mahali pale ninapotaka kuacha.

Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeenda na Cucu kwenye soko la mifugo kuuza ndama wetu. Nilimpenda ndama yule. Wanunuzi walimbonyeza mgongo na mapaja. Walimwinua kwato, wakamfungua mdomo kutazama meno, wakamtembeza aende na arudi. Aliyeridhika naye alimpaka alama ya rangi, na ndama akapakiwa kwenye lori na wengine asiowajua. Nililia njia nzima. Cucu aliniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake, akasema, "Mama, aliyenunua ndiye mwenyewe sasa. Hawezi kurudi nyumbani."

Basi kocha mpya wa Mheshimiwa alipokuja, aliwapanga wachezaji wetu kwenye mstari. Alipita akiwabonyeza mapaja na vigimbi vya miguu. Aliwaambia waende na warudi. Mmoja aliyesema umri wake ni mdogo aliambiwa afungue mdomo, na watu wakacheka, lakini kocha alitazama meno kweli. Waliomridhisha aliwaandika namba kwa wino nyuma ya mkono. Njue aliandikwa namba. Alinionyesha jioni ile akitabasamu, na hakuosha mkono ule alipokula. Alimwambia Cucu kwamba majina yatasomwa wiki ijayo, na watakaosomwa watachukuliwa na gari wakaishi pamoja Embu mjini, kwenye nyumba ya Mheshimiwa.

Hakuna aliyenieleza lolote, na mimi sikuwa mtoto wa kuuliza. Nilikuwa nimeona kila kitu kwa macho yangu. Nilijua kinachofuata ni lori. Wiki ile yote nilipiga magoti nyuma ya zizi tupu la ndama, nikamwomba Mungu jina la Njue lisisomwe.

Jumamosi ikafika. Uwanja ulikuwa mpana na mwekundu pale miti ilipokuwa. Kocha mpya alisimama nyuma ya pikapu yenye kipaza sauti, akasoma kutoka kwenye simu yake. Majina mengi yalikuwa ya watu tusiowajua, wachezaji wa kutoka Nairobi na Kakamega na kwingine. Kila jina geni likisomwa watu walipiga makofi kidogo, wakangoja letu. Kipa wetu alisomwa. Karis alisomwa, akaendesha pikipiki yake duara uwanjani. Beki wa kushoto lilikuwa jina la mtu mwingine. Niliendelea kushikilia leso ya Cucu mpaka kipaza sauti kilipozimwa, na Njue hakuwa amesomwa.

Nilimkimbilia. Mimi niliyekuwa nikijificha nyuma ya Cucu hata kanisani, nilivuka uwanja mbele ya watu wote, nikamkumbatia miguu, nikamwambia kwa sauti, "Hawakukununua. Njue, hawakukununua."

Watu waligeuka kututazama. Kisha Karis akasema kutoka kwenye pikipiki, "Atanunuliwa na nani? Huyo ni beki wa kuchuma." Kicheko kikaenda uwanja mzima, na mimi nikacheka pia kwa sababu kila mtu alikuwa na furaha kama mimi.

Njue aliniinua, akaniweka mabegani. "Ndiyo," alisema. "Tumeponea." Tulienda hivyo mpaka nyumbani, Cucu akiwa nyuma na gunia lake. Njiani nilihisi mabega yake yakitikisika. Nilidhani bado anacheka, nikamshika kichwa nisianguke, nikaimba.

Sikujua. Nilijua baada ya miaka, nikiwa naosha vyombo, bila mtu kuniambia. Sufuria iliniponyoka mikononi.

Nyuki mpya ilishinda. Lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Jezi zilikuwa nzuri, zikiwa na uso wa Mheshimiwa kifuani, ukitabasamu hata tulipofungwa. Mashabiki waliingia uwanjani na kucha safi. Lakini nilianza kuona kwamba watu hawaiti wachezaji majina. Waliita namba. "Saba, toa mpira! Kumi, amka!" Cucu alienda mechi moja, akaketi, na walipobadilishana magoli hakujua aende upande gani. Alirudi nyumbani mapema na hakwenda tena.

Njue alikimbia peke yake kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma mashamba ya watu. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna dirisha, na likifunguliwa ataangaliwa upya.

"Dirisha gani hilo?" Cucu aliuliza.

"La usajili, Cucu. Linafunguliwa katikati ya msimu."

"Nani analifungua?"

"Mheshimiwa."

Cucu aliendelea kumenya viazi. "Nyumba ya miti haikuwa na dirisha," alisema, "na uliingia."

Dirisha lilifunguliwa likafungwa. Lilifunguliwa tena. Kisha ukaja uchaguzi na Mheshimiwa akashindwa. Watu wake walisema sisi wa soko hili tulikula pesa zake tukampa kura mwingine, na huenda ni kweli, sijui. Lori lake lilikuja Jumatatu. Wanaume wawili walichimbua milingoti ya magoli kutoka ardhini, wakaitupa juu pamoja na nyavu na viti. Basi halikuonekana tena. Nafasi ya Nyuki kwenye ligi iliuzwa kwa watu wa mji wa mbali ambao hawajawahi kufika hapa, nao wakabadilisha jina. Kocha Nyaga alikwenda mpaka Embu kuuliza inawezekanaje kuuza kitu cha watu. Aliulizwa kwa upole kama ana kitu chochote cha kuonyesha kwamba ni cha watu. Hapo zamani angewaonyesha shamba.

Karis alirudi kwa miguu. Pikipiki ilikuwa imeuzwa wakati alipoumia goti na hakuna aliyemtibu. Alikuwa na begi moja na jezi moja yenye ule uso.

Kocha aliita mkutano. Walikuja wengi, wakasimama kando ya mashimo mawili ya goli. Alikuwa ameleta miche ya kahawa kutoka kitaluni, ndani ya toroli, na Njue alisimama kando yake. Kaka yangu ni mpole kama mimi, sijawahi kumsikia akihutubia watu kabla ya siku ile wala baada yake. Alisema, "Tupande tena. Mimi nitapalilia. Wiki hii tukichimba mashimo, hatutahitaji mtu."

"Itazaa lini?" mtu mmoja aliuliza.

"Miaka mitatu," Njue alisema. "Minne ikiwa mvua mbaya."

Hakuna aliyemcheka. Ingekuwa heri wangemcheka. Mwanamume yule alitingisha kichwa kama anayekubali, akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Njue, kabla hiyo miti izae kutakuwa na kampeni nyingine. Tutapata mwenye timu mwingine. Vumilia tu."

Wengi waliitikia. Waliondoka wawili wawili wakizungumza, wakitaja tayari majina ya watu wenye malori. Njue na Kocha walipanda miche wawili peke yao, na mimi nilichota maji. Malori ya kahawa yaliporudi nyuma kugeuza yalikanyaga mingi. Iliyobaki ilikaushwa na jua la Januari. Kocha alichomelea mageti mpaka alipofariki. Njue alifunga njumu zake kwenye mfuko wa plastiki, akampa kijana wa jirani ambaye hazikumtosha.

Sasa Njue anafanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kumenya. Ana mke na mtoto mmoja, Muriithi, ambaye bado hajaanza shule. Jumamosi mchana huenda kwenye hoteli ya sokoni yenye runinga kubwa. Siku ile ya harufu, baada ya kufikisha majani nyumbani, Cucu alinituma nikamwite Njue, kwa maana ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa. Nilifika nikasimama mlangoni, kwa sababu ndani kulikuwa na wanaume wengi na mimi sipendi kupita mbele ya wanaume wengi.

Njue alikuwa ameketi mbele kabisa, Muriithi mapajani mwake. Walikuwa wanatazama timu moja ya Uingereza, na ilikuwa inafungwa.

"Huyu mwenye timu anatumaliza," Njue alikuwa anasema. "Auze aende. Tangu anunue hii timu hajatuletea mtu. Ananunua majina tu. Mimi ningeanza na wale vijana waliolelewa pale pale."

"Auzie nani?" mtu alimwuliza. "Wewe?"

"Hata mimi. Nitauza ng'ombe."

"Ng'ombe wako atanunua kamba za viatu."

Walicheka, na Njue alicheka nao, kisha akaeleza kikosi kinavyopaswa kupangwa, nani aingie, nani atoke, nani asogezwe pembeni, bila kutua. Alieleza vizuri. Kijana mmoja mgeni, aliyekuja kuweka nyaya za stima, alimsikiliza mpaka mwisho akasema, "Mzee, unaongea kama mtu amecheza."

Muriithi aligeuza uso akamtazama baba yake. "Baba, ulikuwa unacheza mpira?"

"Mimi?" Njue hakuondoa macho kwenye runinga. "Hapana. Mimi ni shabiki tu."

Mle ndani kulikuwa na watu wasiopungua kumi waliokuwa wakimwona akicheza kila Jumamosi. Karis alikuwa ameketi karibu naye, mguu wake mbovu umenyooshwa. Alifungua mdomo, akamtazama mtoto, akaufunga. Kisha akasogea kwenye benchi ili Muriithi apate kuona vizuri.